Jirani Yangu Mkristo na Ushungi Wangu



Kila akaaye Wheaton anaijua ngazi ya umeme ya stesheni yetu ya treni. Ina urefu wa mita 70, na asimamaye juu yake hana pa kujificha, kwani wanaoshuka huwatazama wanaopanda kwa dakika mbili na zaidi. Mwanamke aliyejitanda ushungi hutazamwa kuliko wenziwe. Mimi, Mola anisamehe, kwa majira mawili niliufunika ushungi wangu kwa kofia ya koti hata siku zisizokuwa na baridi, nikijiambia kuwa ni hadhari tu. Binti yangu, aliyekuwa na miaka 11, aliniuliza, "Mama, mbona Tanga kwa bibi huvai hivyo?" Nikamjibu kuwa kule hakuna baridi. Akanyamaza, nami nilijua kuwa hakuridhika.

Katika jengo letu anakaa mama mmoja Mwacholi kutoka kaskazini ya Uganda, Mwanglikana, ambaye kazi yake ni kuuguza wazee. Huuvaa msalaba wake wa mti juu ya nguo, na kazini aliwahi kuambiwa auingize ndani, akakataa kwa adabu. Jioni ya tarehe 16 Februari 2019 alinigongea mlango akiwa amevaa nguo nyeusi, akaniomba nimwangalizie mjukuu wake mpaka arudi kanisani. Nikamwuliza nani amefariki. Akasema, "Ni Askofu Luwum. Kila mwaka namkumbuka."

Jina hilo nalilijua tangu utotoni, wala sikupenda kulisikia. Marehemu baba yangu alikuwa akitusimulia jinsi redio ya Kampala ilivyotangaza, mwezi wa Februari 1977, kwamba Askofu Mkuu Janani Luwum na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi, wamefariki katika ajali ya gari. Baba alikuwa akiongeza kwa sauti ya chini, "Na aliyewaua ana jina la Kiislamu kama letu." Ndilo lililokuwa likinichoma. Idi Amin alijiita mtetezi wa dini yetu. Na alipopinduliwa mwezi wa Aprili 1979, Waislamu wasio na hatia waliuawa huko magharibi mwa Uganda kwa makosa yake.

Usiku ule jirani yangu aliporudi nilimpikia chai ya tangawizi, tukazungumza hadi saa sita. Mengi niliyajua nusunusu. Luwum alizaliwa Mucwini mwaka 1922, akawa mwalimu, kisha kasisi, na mwaka 1974 akawa askofu mkuu. Mapema mwezi ule wa Februari askari walikuwa wameivamia nyumba yake usiku wakitafuta silaha, wasipate kitu. Yeye na maaskofu wenzake wakamwandikia Amin barua ya kulalamikia mauaji na uporaji, wakaitia saini kwa majina yao. Tarehe 16 waliitwa mbele ya hoteli ya Nile Mansions mjini Kampala, zikapangwa bunduki hadharani, yakasomwa mashtaka ya uhaini, na askari wakaulizwa wafanywe nini. Wakapiga kelele kuwa wauawe. Luwum alitikisa kichwa tu kukanusha. Jioni hakurudi. Maiti yake ilipelekwa Mucwini, na waliofungua jeneza waliona matundu ya risasi. Kaburi lililochimbwa kando ya kanisa kuu la Namirembe likabaki tupu.

(Wapo watakaoniuliza kwa nini nayaandika ya askofu katika kijarida chetu. Nawaomba wafungue Suratul Buruj, wasome habari za watu wa mahandaki waliochomwa moto kwa kuamini tu, kisha wafungue tafsiri: wafasiri wengi wamesema walikuwa Wakristo wa Najran. Mola wetu hakuona haya kuwataja.)

Nilimwambia jirani yangu kuwa jina la Amin hunitia aibu. Akaishika kikombe chake kwa mikono miwili, akakaa kimya kitambo, kisha akasema, "Dada, mimi nilikuwa mwanafunzi Kampala. Siku zile sisi sote tulinyamaza, Wakristo kwa Waislamu. Rafiki zangu waliivua misalaba yao, nami niliivua. Watu hapa hudhani naivaa nje kwa ushujaa. Naivaa kwa sababu niliivua siku ile."

Sikuwa na la kumjibu. Sikumweleza habari ya kofia ya koti, ingawa nadhani alikuwa ameshaiona zamani, maana twapanda treni moja.

Tangu mwaka 1998 sanamu ya Luwum imesimama juu ya mlango wa magharibi wa Westminster Abbey, London, na tangu 2015 tarehe 16 Februari ni sikukuu ya taifa Uganda. Jirani yangu hafurahishwi sana na sikukuu hiyo. Asema siku hizi watu huitumia kulala.

Jumatatu iliyofuata upepo wa Georgia Avenue ulikuwa ukikata kama wembe. Tulipofika kwenye ngazi niliiteremsha kofia mabegani, nikasimama upande wa kulia kama desturi, ushungi wangu wa kijani ukionekana wote. Mzee mmoja aliyekuwa akishuka alinitazama hadi akageuza shingo. Binti yangu naye alinitazama.

"Mama," akasema, "leo ndiyo baridi yenyewe."