Bibi wa Mwaka wa Njaa



Sisi mafrateri wa falsafa tuna mchezo wetu mezani: kila mmoja alete jambo dogo ambalo wenzake hawalijui. Juzi zilikuwa siku za wiki. Jumatano ni siku ya tano ukihesabu kuanzia Jumamosi. Alhamisi nayo, kwa Kiarabu, maana yake ni ya tano. Basi Mswahili ana siku mbili za tano, na ya sita hana! Kwa Kilatini cha Kanisa, Jumatano ni feria quarta, siku ya nne. Ukiagana na padre mzee mkutane siku ya nne, ulizaneni kwanza mnahesabu kwa lugha gani.

Likizo iliyopita wawili wetu tulikuwa kigangoni huku Handeni, tukimsaidia katekista kuandikisha wakatekumeni. Bibi mmoja, alipoulizwa amezaliwa lini, akajibu, "Mwaka wa njaa." Tulitazamana, tukacheka chinichini. Tukaandika "haijulikani", na mmoja wetu akaisoma kwa sauti.

Jioni, baada ya sala ya jumuiya, tukaleta mchezo wetu. Tulisimulia jinsi Papa Gregori XIII alivyorekebisha kalenda mwaka 1582, hata siku iliyofuata Oktoba 4 ikaitwa Oktoba 15. Mtakatifu Teresa wa Avila alifariki Hispania usiku uleule; akazikwa kesho yake, tarehe 15. Ndiyo maana sikukuu yake ni Oktoba 15. Watu walicheka sana. Mzee mmoja akauliza kama vibarua walilipwa zile siku kumi.

Bibi hakucheka. "Wajukuu zangu, Papa karuka siku kumi, mmemwelewa. Mimi nimepotewa na mwaka mmoja tu, mmeniandika sijulikani?"

Tulikosa la kujibu. Falsafa yote ikanyamaza.

Asubuhi tulimfuata nyumbani na daftari, tukamwomba radhi. Tukakaa, tukauliza vizuri. Akasema Uhuru ulipokuja alikuwa ameshaota meno mapya ya mbele, na anachunga mbuzi wa baba yake. Uhuru ni 1961. Tukafuta "haijulikani", tukaandika: "Mwaka wa njaa, takriban 1953."

Mkesha wa Pasaka alibatizwa. Katekista alipomuuliza anataka jina gani, alitugeukia sisi kwanza.

"Yule wa siku kumi."