Pumwani: Nyumba Yangu, Kiwanja cha Manispaa

Huenda wewe msomaji, au mama yako, ulizaliwa Pumwani bila ya kuijua Pumwani. Hospitali ya kina mama wajawazito iliyoanzishwa mtaani humo mwaka 1926 imepokea watoto wa Nairobi nzima, na wengi wetu jina hilo tumelisoma tu kwenye cheti cha kuzaliwa. Basi Jumapili moja vuka Gikomba, wapite wauza mitumba, uingie Majengo kwa miguu.

Zitazame nyumba kongwe zilizosalia. Mlango wa mbele unakufikisha kwenye ujia wa katikati. Vyumba vitatu mkono huu, vitatu mkono ule, na nyuma kuna ua wa kupikia na kufulia. Ramani hiyo ilitoka Pwani, na kuta zilikandikwa udongo juu ya fito. Mwenye nyumba alilala chumba kimoja, vingine akapangisha. Wengi wao walikuwa wanawake waliojenga kwa fedha zao wenyewe, wakati serikali ya kikoloni ilimtaka Mwafrika mjini awe kibarua tu, kisha arudi kwao. Sijui kwa nini vitabu vya shule haviwataji!

Lakini nyumba ilikuwa yako, kiwanja kilikuwa cha manispaa, na kodi ya kiwanja ulilipa. Pumwani yenyewe ilipimwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 ili Waafrika waondolewe katika vijiji vyao vya Mombasa, Maskini na Pangani. Pangani iling'ang'ania hadi ilipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930. Baadhi ya wenyeji wakapelekwa kwenye nyumba za manispaa jirani na Pumwani, na mtaa huo ukaitwa Shauri Moyo. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa jina hilo. Pangani nayo ikajengwa upya kwa ajili ya Wahindi.

Baada ya Uhuru, ghorofa zimechukua nafasi ya nyumba nyingi za udongo. Ghorofa ina bomba ndani na ngazi ya saruji, hilo silipingi. Ila mwenye vyumba sita akipewa viwili huko juu, wapangaji wake atawaweka wapi, naye atakula nini?

Ukimkuta mzee barazani, mwamkie kwanza. Kisha muulize wazazi wake walihamishwa kutoka kijiji gani. Usiwe na haraka, chai italetwa.