Njiapanda ya Rongo



Ni mwaka wa sita sasa, kila ufikapo mwezi wa Shawwal, twafunga safari kutoka Mombasa kwenda kujitolea kusomesha dini ng'ambo ya mpaka, katika vijiji vya Tarime, mkoa wa Mara, Tanzania. Hatulipwi, twapewa malazi na chakula, na ujira twautaraji kwa Mola. Barabara ya kufikia huko yapita Kisii, Rongo, Awendo na Migori, hadi mpakani Isebania. Pale Rongo ipo njia ya mkono wa kulia iendayo Homa Bay. Miaka mitano tuliipita njia hiyo bila kuifuata.

Homa Bay ni mji tuliokaa ujanani, miaka minane, tukisomesha chuoni. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa huko. Mama watoto hakuwa na mamake wala somo wake wa kumkanda. Pwani ilikuwa mbali na nauli hatuna. Aliyemhudumia ni jirani, mama wa Kijaluo, Mkristo wa kanisani hasa. Siku arubaini alikuja alfajiri na uji wa wimbi, akachemsha maji, akafua nguo za mtoto. Mwanawe, mchuuzi wa omena, akawa sahibu yetu, na baadaye akasilimu mikononi mwetu. Siku hiyo mama hakututeta. Alituuliza neno moja tu: "Maalim, hao watu wenu watamtazama mwanangu?" Tukamjibu kwa furaha: "Mama, leo amepata ndugu wasiohesabika."

Mwaka huu tulilala Migori. Baada ya darsa la usiku, mwanamke mmoja aliyekuwa mwanafunzi wetu zamani alitusogelea kwa adabu, akauliza: "Maalim, mmetoka kumwona mgonjwa wenu?" Tukamuuliza mgonjwa gani. "Sahibu yenu wa Homa Bay. Ana kidonda cha sukari mguuni. Mwaka wa pili huu hatoki nje."

Darsa tuliloandaa kwa ajili ya Tarime lilihusu haki za Mwislamu juu ya Mwislamu mwenziwe, na kumzuru mgonjwa ni mojawapo. Karatasi zilikuwa mkobani. Usiku ule usingizi haukuja. Kulipokucha tuliwapigia simu wenyeji wetu kuomba radhi, tukarudi nyuma hadi Rongo, tukapanda matatu ya Homa Bay.

Nyumba ni ile ile, chini ya mlima Asego, ziwa laonekana dirishani. Mama yuko kizingitini achambua omena. Macho yamepungua nuru, lakini sauti aliitambua. Alitukaribisha, akatupa maji, kisha akasema taratibu: "Maalim, wale ndugu wasiohesabika, wako wapi?" Hatukuwa na jawabu. Tuliinamisha kichwa.

Sahibu yetu alifurahi mno, wala hakulalamika. Alisema watu wa msikitini walikuja mwanzo, kisha kila mtu akashikwa na yake. Alipokwisha kuuliza habari za watoto, alinyamaza kidogo, akasema: "Maalim, nina dhambi." Kumbe mguu ulipofungwa bendeji alidhani udhu wake haufai, na kwa kuwa hawezi kusimama, alidhani na swala haimo. Miezi mingi amekuwa akisikiliza adhana kitandani, analia.

Tulimfundisha aoshe palipo pazima, apake maji juu ya bendeji, na atayamamu kwa ajili ya palipofunikwa. Asiyeweza kusimama aswali ameketi, na asiyeweza kuketi aswali amelala. Zilizompita tukampangia azilipe kidogo kidogo. Somo lote halikuzidi robo saa. Adhuhuri ilipoingia tuliswali pamoja, yeye ameketi kitandani. Mama alisimama mlangoni mpaka tukatoa salamu.

Ndugu zangu, elimu ile ya robo saa tuliibeba mara tano tukaipitisha njiapanda, tukaivusha mpaka, na mwenye kuihitaji yuko karibu na barabara. Kumsilimisha mtu tulikuona ni kazi iliyokwisha, kumbe ndiyo kwanza inaanza.

Jioni tulizungumza na vijana wa msikiti wa pale. Watatu walikubali kupeana zamu ya kumtembelea, na mmoja atamsindikiza kliniki. Tarime tulifika siku moja baadaye. Darsa lilisomeshwa, ila zile karatasi hatukuzifungua. Tulisimulia haya mliyoyasoma.

Nasi twaomba kila nyumba isomayo waraka huu ikae baada ya Maghrib, baba, mama na watoto, ijiulize: ni nani alitufaa siku ya shida, na tangu lini hatujapiga hodi kwake? Akina mama mwayajua majina hayo kutushinda. Tutajieni sisi waume zenu, hata kama twaona haya.

Mola amponye sahibu yetu, amlipe mama yule kwa wema wake, amwongoze, na atusamehe kwa milango tuliyoipita. Amin.