Mto Uingiao, Mto Utokao

Maji ya ghuba ya Chole, mbele ya kijiji cha Utende katika Mafia, huingia na kutoka kwa mlango wa Kinasi. Mgeni aketiye pwani hudhani yametulia, kumbe kati ya ghuba mkondo wakimbia. Mvuvi wa Utende hakati shauri kwa kutazama tu. Hutia kasia, au humwuliza aliyetoka mlangoni asubuhi ile.

Wazungu wawili, Burton na Speke, waliofika ziwa Tanganyika Februari 1858, walihitaji sana desturi hiyo. Walisikia kwamba kaskazini ya ziwa uko mto Rusizi. Kama watoka ziwani, yamkini ndio mwanzo wa Nili; kama waingia, safari yao ndefu yapungua thamani. Aprili wakaenda kwa mitumbwi kutoka Ujiji hata Uvira, na huko wana wa mtawala wakawaambia waziwazi kuwa mto waingia. Wasafiri hawakufika kinywani mwake. Wakarudi na neno la wenyeji tu, na neno la wenyeji siku zile lilipimwa kwa mizani nyepesi. Ajabu ni kwamba mwaka 1864 Burton mwenyewe, aliyelisikia neno hilo kwa masikio yake, alishika upande wa pili akadai kuwa Rusizi hutoka. Kosa la masikio husameheka. Hili halikuwa la masikio.

Novemba 1871 Livingstone na Stanley walipanda mtumbwi Ujiji, wakaenda mpaka kinywani, wakaona maji yakiingia. Ikawa vile vile walivyosema watu wa Uvira miaka 13 nyuma.

Rusizi huanza katika ziwa Kivu, penye mji wa Bukavu, kiasi cha mita 1,460 juu ya bahari. Tanganyika iko karibu mita 770. Basi mto usiotimiza kilomita 120 hushuka karibu mita 700, na sehemu kubwa ya mshuko huo imo katika mabonde membamba ya juu, ambako sasa maji huzungusha mitambo ya umeme. Kisha hufika uwandani, ukalegea, ukajipindapinda, na mwisho ukagawanyika kabla ya kuingia ziwani kati ya Uvira na Bujumbura.

Tena liko jambo ambalo Burton angalilifurahia. Zamani sana maji ya Kivu yalikwenda kaskazini, upande wa ziwa Edward na Nili. Milima ya moto ya Virunga ikaziba njia, ziwa likajaa, likafurika kusini. Alitafuta njia ya kaskazini maelfu ya miaka baada ya kufungwa kwake, tena katika ziwa lisilo lake.

Kutoka Tanganyika maji hushika mto Lukuga, yakaingia Kongo, yakaishia bahari ya Atlantiki. Mto uikabilio Mafia ni Rufiji. Wa Rusizi hauleti huko hata tone.