Kabureta Niliyoifunga Kamere

Kwa miaka tisa niliamini jambo moja: injini ikikosa nguvu, ipe petroli zaidi. Hapa Njoro natengeneza bodaboda, pampu za maji na mashine za kusaga, na kila mteja aliyelalamikia mlima nilimpanulia jeti, kile kitundu cha kupitishia petroli kwenye kabureta, au nikamfungia kabureta kubwa. Injini ilinguruma, mteja akalipa, nami nikalala nikijua nimefanya kazi.

Binamu yangu huvua samaki Ziwa Naivasha, upande wa Kamere. Injini ya boti yake ni Yamaha ya zamani ya hosipawa 9.9, ile ya kutiwa petroli iliyochanganywa na oili. Nilijua kwamba ile ya hosipawa 15 ina silinda zilezile, ujazo wa sentimita 246, na kwamba tofauti kubwa iko kwenye kabureta. Nikaitafuta kabureta ya 15, nikasafiri nayo, nikaifunga. Pale ufukweni iliwaka kwa mvuto mmoja.

Alasiri upepo ukaanza. Binamu na wenzake wawili wakiwa mbali na nchi kavu, injini ikaanza kumisi, ikatoa moshi mweusi, ikazima. Walipiga makasia mpaka giza likaingia, viboko wakikoroma karibu nao. Walifika salama, namshukuru Mungu. Mimi nilikuwa nimesimama majini hadi magotini, nikisikiliza makasia.

Asubuhi mzee mmoja, fundi wa pale ufukweni, alifungua plagi akaniwekea kiganjani. Ilikuwa nyeusi, imelowa masizi. Akasema, "Kijana wangu, chakula umeiongezea. Na pumzi je?"

Gramu 1 ya petroli hutaka karibu gramu 15 za hewa ili iungue vizuri. Naivasha iko karibu mita 1,880 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni kama asilimia 80 tu ya ile ya Mombasa. Ile kabureta ilikuja na jeti iliyopimiwa baharini: petroli ikamiminika, hewa haikutosha. Na sisi wa Njoro tuko juu zaidi, tumepita mita 2,000. Kwa miaka tisa pikipiki zilikuwa zikinionyesha plagi nyeusi, nami nikizipangusa na kuzirudisha. Hilo liliniuma kuliko aibu ya ufukweni.

Kabureta kubwa yenyewe si kosa, maana koo lake pana huvuta hewa zaidi. Tuliiacha, tukapunguza jeti hatua mbili, tukabadilisha propela tukaweka yenye mkunjo mdogo ili injini izunguke bila kulemewa. Plagi ikatoka na rangi ya kahawia. Niliporudi nyumbani niliwatafuta wateja wa bodaboda mmoja mmoja, nikawarudishia jeti za saizi yake bila malipo.

Baadaye binamu aliuza injini ile kwa mvuvi wa Homa Bay. Ziwa Victoria liko mita 1,134, hewa ni nzito zaidi, na jeti ndogo ingeinyima injini petroli. Kwa injini ya aina hii, petroli ikipungua na oili imepungua, na pistoni huungua. Nikaifunga jeti kubwa kwenye kitambaa, nikaifundika kwenye mkono wa usukani, nikampigia simu mnunuzi asiiwashe injini kabla jeti hiyo haijarudishwa mahali pake.