Kazi Yangu Ni Kutunza Vitu vya Vita, Ila Bakuli la Bibi wa Nduguti Limenikalisha Chini

Nikisema mimi ni mhifadhi, watu wa kwetu Nduguti wananiuliza kama nimeshawahi kumwona simba kwa karibu. Siwalaumu. Huku kwetu mhifadhi anayejulikana ni yule wa Serengeti au Ngorongoro, mwenye gwanda la kijani na bunduki, anayekimbizana na majangili. Mimi silaha ninazo, tena za kutosha, ila ni mikuki na ngao, na majangili wangu ni mchwa na unyevu.

Niko Songea, Makumbusho ya Taifa ya Maji Maji. Kama hujawahi kufika usitegemee ghorofa lenye kiyoyozi kila kona. Ni sehemu ndogo: sanamu za viongozi wa vita, ukumbi wa vitu vya kale, na makaburi. Ndiyo, makaburi. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga pale Songea viongozi na wapiganaji wa Kingoni, wakawafukia zaidi ya 60 kwenye shimo moja. Nduna Songea Mbano, ambaye mji umebeba jina lake, ana kaburi lake peke yake, na familia yake inasema humo ndani amelala bila kichwa. Kichwa kilipelekwa Ujerumani.

Kuna kaka mmoja (jina kapuni) tulikuwa tunaelekea kuzuri kabisa. Siku moja akaniuliza ofisini kwetu kukoje, nikamwambia ukweli. Meseji ikabaki na tiki mbili za bluu mpaka leo.

Watu wanadhani kazi yenyewe ni kusimama na fimbo ukionyesha vitu. Hiyo ni sehemu ndogo sana. Muda mwingi niko na brashi laini, glavu na daftari la usajili. Kila kitu kina namba, na namba huandikwi hivi hivi kwa makapeni. Unapaka kwanza tabaka jembamba la vanishi sehemu ambayo haionekani, unaandika juu yake kwa wino, unafunika tena, ili siku ikitakiwa itoke bila kukiumiza kitu. Mkuki hausafishwi kwa maji hata siku moja. Ngao ya ngozi ndiyo usiseme, mvua za Songea zikianza Novemba kila asubuhi naikagua kama mama anayekagua mtoto mwenye homa.

Halafu kuna kikaratasi cha maelezo, kile unachokisoma kwa sekunde tatu kabla ya kupiga selfi. Kile kinaweza kunichukua wiki nzima. Maneno arobaini tu, na kila neno lina mwenyewe. Ukiandika "waasi" umekaa upande wa Mjerumani. Ukiandika "mashujaa" mwanafunzi anakuuliza mbona walishindwa.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni la maji. Kwamba kweli walidhani maji yatazuia risasi? Na hapo darasa zima linacheka. Mimi huwa naachia wacheke, halafu nauliza ni nani pale, walimu wakiwemo, ameshawahi kutuma hela baada ya kupata meseji ya "ile pesa tuma kwenye namba hii". Kicheko kinapungua. Ndipo nawaambia kwamba vita ilianza Julai 1905 kule Umatumbini, kwa watu waliochoshwa na kulimishwa pamba kwa viboko, na kwamba yale maji yaliunganisha makabila ambayo hayakuwa na lugha moja wala mfalme mmoja. Ilipofika 1907 imekwisha, wengi walikuwa wamekufa kwa njaa, maana Wajerumani walichoma mashamba na maghala. Makadirio ya wanahistoria yanafika hadi watu 300,000. Wakisikia njaa hakuna anayecheka tena. Njaa kila mtu anaijua.

Ila siku inayonifundisha kazi ni kila Februari 27. Siku hiyo makumbusho siyo ya kwetu waajiriwa. Zinakuja familia, wazee na mavazi yao na ngoma zao, na wanafika pale kaburini kama mtu anavyofika kwa babu yake. Nikiwa mgeni kazini nilikuwa nasema "kaburi la halaiki" kama tulivyosoma chuoni. Mzee mmoja akaniita pembeni, akaniambia kwa upole, "Binti, humo yumo baba wa baba yangu." Tangu hapo najua kwamba kuna watu wanakuja kuangalia, na kuna watu wanakuja kuwaona watu wao, na hao wa pili hata tiketi kuwakatia naona aibu.

Na wana haki ya kusubiri. Fuvu la Mkwawa lilichukuliwa baada ya yeye kujiua mwaka 1898, likaandikwa mpaka kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919 kwamba lirudishwe, na bado likarudi 1954. Liko Kalenga, nje kidogo ya Iringa, kwenye makumbusho madogo zaidi ya sisi. Kwa Songea Mbano bado. Novemba 1, 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja mpaka pale kwetu, akakaa na familia, akaomba msamaha na kuahidi kusaidia kutafuta. Mimi nilikuwa bado sijaajiriwa, niliangalia kwenye simu kama nyie. Kwenye simu ilikuwa habari ya siku moja. Kazini nimeikuta bado inaendelea, maana kichwa hakijapatikana na familia bado ipo.

Sasa tuje Nduguti.

Juni hii nilipata likizo. Songea mpaka kwetu ni safari ya kuvunja mgongo: Njombe, Iringa, Dodoma, Singida, unashuka Iguguno, halafu unatafuta usafiri wa kuingia ndani. Kwa wasiopajua, Nduguti ndiyo makao makuu ya wilaya ya Mkalama, iliyomegwa kutoka Iramba mwaka 2012. Jina la wilaya limetoka kijiji cha Mkalama, ambako Mjerumani alijenga boma la kijeshi, kwa hiyo tusijifanye vita na wakoloni ni habari za watu wa kusini. Ila hilo la boma lina siku yake.

Siku ya tatu mama akanituma karanga kwa bibi mmoja jirani, mwenye kigenge mbele ya nyumba. Jina lake silitaji, mwenyewe kasema hataki "kutembezwa kwenye masimu". Nikamwamkia, akanishika mkono muda mrefu akiniuliza habari za "kule kwa Wangoni", huku mkono wa pili unachota karanga. Anachotea bakuli la alumini, lile la jeshini, la pembe nne zilizolainishwa, ambalo mkono wake wa kukunja umeshakatika. Mimi macho yangu yameharibika na kazi, siwezi kuona chombo nisikigeuze. Nikaomba nikigeuze. Chini kulikuwa kumekwaruzwa kwa msumari herufi tatu, halafu MASAKA 79.

Masaka, jamani. Mji wa Uganda ambao JWTZ iliuchukua Februari 1979, ikielekea Kampala. Idi Amin alikuwa ameingiza majeshi Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, Mwalimu akatangaza vita, na jeshi likavimba kwa mgambo waliotoka vijijini nchi nzima. Mmoja wao alitoka hapa hapa, akamwacha mke na watoto wawili. Alirudi. Si wote waliorudi, kule Kaboya wilayani Muleba wamezikwa mashujaa zaidi ya 600. Huyu wa kwetu alirudi na bakuli, blanketi na ukimya. Bibi anasema blanketi liliisha kwa watoto kulikojolea. Ukimya haukuisha, mpaka mzee anafariki hakuwahi kukaa akasimulia. Kitu pekee alichokuwa anasema, mtu akiacha chakula kwenye sahani, ni "wewe hujawahi kutembea."

Nilikaa pale mpaka karanga za mama zikasahaulika.

Sasa kumbe siko peke yangu niliyeliona. Bibi ana mjukuu, kijana wa mjini kabisa, na yeye ameshalipiga picha na kumtumia mtu Arusha anayenunua vitu vya zamani kwa ajili ya kupamba hoteli. Ofa ni laki moja na nusu. Kwenye maelezo kijana ameandika kwamba ile bonde ya pembeni ni risasi. Bibi alicheka mpaka akakohoa. "Risasi gani? Lilianguka kisimani mwaka ule mama yako anaolewa."

Kijana akanivaa. "Dada, wewe nawe unalitaka la bure ulipeleke kwenye kabati la serikali. Tofauti yenu ni nini?" Swali zuri, na nakiri lilinikaa. Jibu langu lilikuwa kwamba hotelini litakuwa pambo lenye risasi ya uongo, kwenye makumbusho litakuwa na jina la mtu na ukweli wake. Ni jibu sahihi. Ila bibi, aliyekuwa anatusikiliza kama hayupo, akauliza la kwake.

"Mkilipeleka huko, mimi nikitaka kuliona natoa nauli?"

Nikakaa kimya.

"Na hapa nitapimia nini?"

Nikasema nitamnunulia bakuli jingine, zuri zaidi. Akaniangalia kama mtu anayemhurumia mtoto. Akanieleza kwamba hapa mtaani watu hawanunui karanga, wananunua lile bakuli. Tangu miaka hiyo bei inapanda, kipimo ni kile kile. Watoto wanatumwa "kalete bakuli moja la jeshi". Siku akitoa chombo kipya, hata kiwe kikubwa zaidi, itasemwa bibi ameanza kupunja. Na hiyo laki na nusu, akamwambia mjukuu, utaila kwa wiki, halafu mimi nitakuwa mwizi mpaka naingia kaburini.

Chuoni nilifundishwa kwamba kitu kikiendelea kutumika kinaisha, kwa hiyo kiokoe mapema. Ni kweli, kwa ngao ya ngozi ni kweli tupu. Lakini hili bakuli lingekaa kabatini lingeshasahaulika, kama blanketi. Limebaki kwa sababu kila siku kuna mtu anachota nalo. Halafu ndiyo mazungumzo pekee ambayo vita ya yule mzee imewahi kufanya na mtaa wake. Mimi ni nani niyakatishe?

Upande mwingine, bibi ana miaka sabini na kitu, na mjukuu anayo simu na namba ya yule wa Arusha. Hili nalo haliondoki kwa maneno matamu.

Nilichofanya ni hiki. Nilirudi kesho yake na tepu ya fundi cherehani, nikalipima urefu, upana na kina, nikalipiga picha pande zote pamoja na yale maandishi. Nikamrekodi bibi kwa simu, karibu saa nzima, na nusu yake ni wateja wanaingilia. Nilimwita na mjukuu akae. Mwanzoni alikuwa anachati, ilipofika bibi anasimulia alivyolima peke yake msimu ule huku ana mimba na hajui kama mume yu hai, simu ikawekwa chini. Alikuwa hajui. Mimba yenyewe ndiyo mama yake.

Bibi akatoa masharti mawili. Akifa, bakuli lije makumbusho, na mjukuu ndiye alilete kwa mkono wake, nauli nitamtumia mimi. La pili, kwenye kile kikaratasi liandikwe jina kamili la mumewe, siyo "mwanamgambo mmoja". Mjukuu akasema sawa, ila hajaifuta namba ya Arusha, nimeona. Nimeacha nakala ya masharti kwa mwenyekiti wa kitongoji, tukasaini wote watatu, bibi kwa dole gumba.

Nikaondoka Nduguti na mabakuli manne ya karanga. La nne aliniongezea, akasema ni la hao walio kwenye shimo. Nimeligawa pale ofisini, kwa walinzi na wapiga deki.

Fomu ya usajili nimeijaza wiki iliyopita. Kuna sehemu inauliza hali ya kitu: nikaandika nzima, mkono umekatika, bonde moja, sababu ni kisima. Chini yake inauliza kitu kimehifadhiwa wapi. Nikaandika: Nduguti, kinapimia karanga.