Sabato Kando ya Ziwa la Nyanza

Msafiri atokaye Kisumu kwenda Homa Bay hupita Ahero na Katito, kisha hulikaribia ziwa huko Kendu Bay. Akifika huko Ijumaa alasiri, ataona katika miji mingi watu wana haraka. Maji yatekwa ya siku mbili, kuni zapasuliwa za kutosha, na chungu cha nyoyo, yaani mahindi na maharagwe, kimekwisha kuinjikwa mapema. Jua likizama shoka na jembe huwekwa chini, na jamaa hukusanyika kuimba na kusali. Kazi haitashikwa tena hata jua la Jumamosi lizame. Mgeni akiuliza sababu, atajibiwa kwa neno moja tu: Sabato.

Neno hilo asili yake ni Kiebrania, na maana yake ni kuacha kazi. Wayahudi wameishika siku hiyo tangu kale, lakini si wao walioileta katika wilaya iliyoitwa zamani Nyanza ya Kusini. Wayahudi waliohamia Kenya walikaa zaidi Nairobi, na sinagogi lao la kwanza lilijengwa huko katika miaka ya 1912 na 1913. Huku ziwani Sabato ililetwa na Waadventista, ambao ni Wakristo. Mwezi wa Novemba 1906 Arthur Carscallen, mtu wa Kanada, alifika Kendu Bay pamoja na Peter Nyambo, Mwafrika wa Nyasaland, nchi iitwayo sasa Malawi. Wakajenga juu ya kilima cha Gendia. Carscallen alijifunza Kijaluo hata akatunga kitabu cha sarufi yake, na mwaka 1913 mtambo wa kupiga chapa ukawekwa Gendia. Mwaka huohuo misheni ya Kamagambo ilianzishwa karibu na Rongo, na mafundisho hayo yakaenea katika nchi ambayo leo ni Kaunti ya Migori.

Lugha ya wenyeji nayo yaafikiana na habari hii. Kwa Kijaluo Jumanne huitwa Tich Ariyo, yaani kazi ya pili. Jumatano ni kazi ya tatu, Alhamisi ya nne, na Ijumaa ni Tich Abich, kazi ya tano. Hapo hesabu ya kazi hukoma, na Jumamosi ina jina lake lenyewe, Ngeso. Kiebrania nacho huzihesabu siku sita kwa namba tu, na siku ya saba peke yake ndiyo yenye jina.

Lakini kazi ni nini? Swali hili wazee wa Kiyahudi walilichungua sana. Katika Mishna, mkusanyo wa sheria uliotengenezwa yapata mwaka 200 baada ya Kristo, walitaja aina 39 za kazi zilizokatazwa siku ya Sabato. Kumi na moja za kwanza zahusu mkate: kupanda, kulima, kuvuna, kufunga miganda, kupura, kupepeta, na kuendelea hata kusaga, kukanda na kuoka. Mkulima wa Awendo angeiona kazi yake ya mwaka mzima imeandikwa hapo kwa utaratibu. Mvuvi naye angekuta kunasa mnyama na kufunga fundo, na karani hakusahauliwa, kwa maana aandikaye herufi mbili tu amekwisha kufanya kazi. Kuwasha moto pia kumekatazwa. Ndiyo sababu mama wa Kiyahudi huwasha taa za Sabato kabla jua halijazama, na chakula cha moto cha siku ya pili huachwa jikoni tangu Ijumaa. Mezani huwekwa mikate miwili, ukumbusho wa ile mana ya jangwani iliyookotwa maradufu siku ya sita.

Tena amri hii si ya mwenye nyumba peke yake. Sheria ya Musa yataka mtumishi, mgeni na hata ng'ombe wapumzike pamoja naye. Tajiri hawezi kukaa kivulini huku mtu wake wa mshahara akimlimia, wala maksai wake hawezi kufungwa plau.

Pamoja na Sabato ilikuja sheria ya vyakula. Katika maji, kiumbe kinacholiwa ni kile chenye mapezi na magamba. Ngege anaruhusiwa, na mbuta pia. Hata mbuta wa ziwa hili wamekwisha kuuzwa Israeli. Myahudi mwenye kushika sheria hapendi kununua mnofu uliochunwa ngozi yote, kwa kuwa magamba ndiyo shahidi wake. Lakini mumi, ambaye ngozi yake ni laini tupu, hana ruhusa, kwa Myahudi wala kwa Msabato. Basi mvuvi Msabato akimpata mumi mnene wavuni, ameshika kitoweo ambacho jirani yake angekila kwa furaha, naye hali.

Hapo ndipo gharama ya imani hii huonekana. Wavuvi wa omena, yaani dagaa, huenda ziwani usiku wa giza wakiwa na taa, maana omena huifuata nuru, na mwezi ukiwa mpevu hawapatikani wengi. Usiku wa giza katika mwezi si mwingi. Anayelaza mashua yake usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi apoteza sehemu ya mavuno hayo. Soko likiangukia Jumamosi, mwenye duka atafunga siku ambayo wanunuzi ni wengi. Watoto nao waliingia katika shida, kwa kuwa shule nyingine ziliwataka darasani siku hiyo. Jambo hilo lilipelekwa mbele ya sheria. Kanisa lilishindwa katika Mahakama Kuu, lakini mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ya Kenya iliamua kwamba wanafunzi Waadventista waruhusiwe kuishika Sabato yao.

Isidhaniwe kwamba sheria hii haina huruma. Walimu wa Kiyahudi wafundisha kwamba uhai wa mtu hushinda Sabato. Mashua ikipinduka ziwani, hapana haja ya kuuliza ni siku gani; kamba itafungwa, moto utawashwa, na mwenye kukawia kwa ajili ya kuuliza ndiye mwenye kosa. Waadventista nao hawaachi kuwahudumia wagonjwa siku hiyo katika hospitali yao ya Kendu, iliyofunguliwa mwaka 1925.

Hata hivyo dini hizi mbili si moja. Wayahudi husema kwamba Sabato ni alama kati ya Mungu na Israeli, wala mataifa mengine hayakulazimishwa kuishika. Waadventista hufundisha kwamba ni ya wanadamu wote tangu kuumbwa kwa ulimwengu, na kwao Kristo ndiye Bwana wa Sabato. Kila upande una hoja zake, lakini wote wakubaliana kwamba mtu asiyeweza kuiacha kazi yake amekuwa mtumwa wake.

Basi apitaye kutoka Rongo kwenda Migori siku ya Jumamosi, akiona duka limefungwa wakati wa biashara, au maksai wakila majani karibu na plau, asiharakishe kusema kwamba mwenyewe ni mvivu. Yamkini mtu huyo alifanya kazi ya siku mbili jana, naye ajua kwa hesabu ya shilingi ni kiasi gani kinampotea leo.